Mshale Kwenye Thelathini

Habari ya kifo cha Fundi Shabani ilinikuta mlangoni nikichagua mchele. Mwanawe alipiga simu kutoka Kabambare, akaniambia kwamba mzee ametutoka asubuhi ile, na kwamba kabla ya homa kumzidi alisema watu wawili waambiwe kabla ya ndugu, na mimi ni mmoja wao. Kesho yake nilipanda pikipiki, na magoti yangu haya, tukapita kwenye matope na mashimo ambayo siku hizi ndiyo yanayoitwa barabara. Malori yamekuwa machache upande huo. Tulipokaribia ule mteremko wa kabla ya Wamaza, kijana wa pikipiki aliniambia nishike vizuri, nami nikafumba macho kama ninavyofanya kila nikipita pale, nikayafumbua niliposikia magurudumu yanagonga miti ya daraja. Kwenye mazishi watu walimsifu marehemu kwa upole wake. Mzee mmoja akasema ni ajabu mtu aliyejua malori kiasi kile amemaliza maisha yake akiziba pancha za pikipiki. Mimi nilikuwa nimekaa kati ya wanawake, nikijua jibu, na nikaona kwamba nikifa bila kulisema litakwenda nami.

Mwaka ninaousimulia ni ule ambao barabara ilifunguliwa tena baada ya vita. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nimeolewa na Amisi, dereva, naye alikuwa amenipangia chumba kimoja hapa Kasongo, nyuma ya gereji. Ukuta wetu wa nyuma ndio uliokuwa ukuta wa gereji: matofali ya kuchoma, udongo kati yake umemomonyoka, kiasi kwamba mtu akikohoa kule nilisikia, na akiwasha sigara nilinusa. Nilikuwa na kitanda, meza ndogo, jiko la mkaa nje chini ya bati. Mchana nilipika bugali na sombe, yaani majani ya muhogo, kwa mawese, na samaki wa kukaushwa kutoka Nyangwe wakipatikana, nikawauzia mafundi na madereva waliokuja kula kwenye benchi mbele ya mlango wangu. Maneno yao yote yalipita kichwani mwangu nikiwa nasonga ugali. Nilijifunza gari bila kuligusa, kama mtoto anavyojifunza lugha ya wageni waliopanga nyumbani.

Lori la Amisi lilikuwa zee. Mwenye lori na gereji, ambaye sote tulimwita Patron, alilificha msituni miaka ya vita, bila magurudumu, limefunikwa na matawi, na lilipotolewa ponti ya nyuma ilikuwa imekufa, yaani ule mhimili wote wa magurudumu ya nyuma pamoja na gia zake. Ya kununua haikuwepo. Fundi Shabani akatoa nyingine kwenye lori la namna tofauti lililokuwa limelala kwenye majani, akalifungia magurudumu makubwa kuliko yale ya kwanza ili lipite kwenye matope, na lori likatembea. Siku ile tulikula wali. Amisi alikaa kwenye benchi, bado na grisi kwenye kucha, akimwambia Shabani, "Fundi, umelitengeneza sana. Zamani likifika makumi tatu lilikuwa linalia kama mbuzi. Sasa liko kimya." Shabani alicheka, akachovya tonge la wali kwenye mboga. Hakuna kati yetu aliyejiuliza kwa nini lilikuwa kimya.

Amisi hakuwa mkimbizaji, na hili lilikuwa jambo la kuchekwa. Abiria waliokaa juu ya mizigo walimwita Bwana Harusi, kwa sababu aliendesha kama mtu anayemleta bibi harusi. Walipochoka na mwendo wake waligonga paa la kichwa cha lori kwa viganja, wakiimba, wakimtaka aongeze. Alinisimulia haya akiwa anakula, bila kuudhika. "Wanagonga, mimi nawaacha wagonge. Kwenye ule mteremko wa Wamaza sipitishi makumi tatu. Natazama mshale tu." Alikuwa na tabia ya kunyoosha kidole kimoja akisema hivyo, kama vile ule mshale wa mwendo uko mbele yake juu ya sahani.

Lilianguka siku ya soko, lori limejaa. Waliopona walisimulia kwamba lilishuka mteremko likikimbia, likakosa daraja la miti, likalala kwenye kijito. Amisi alikufa, na watu wengine wakafa, akiwemo msichana aliyeitwa Feza, wa umri wangu, aliyekuwa akileta karanga za mama yake Kasongo. Kila aliyetoka hai alisema neno lile lile: "Tuligonga paa kwa nguvu zote. Hakusikia. Alikuwa anakimbia tu." Mtu mmoja mwenye mkono uliofungwa alikuja mpaka kwenye benchi langu, akalisema mbele yangu, kisha akaniomba maji ya kunywa, nikampa.

Kilio cha mume wangu kilikuwa kidogo. Imamu alikuja, na wazee wachache wa msikiti, wakamzika kama inavyotakiwa. Lakini wanawake waliopaswa kulala kwenye mikeka pamoja nami walikuja wawili tu, na mmoja aliondoka kabla ya siku kwisha akisema mtoto anaumwa. Chakula kilibaki kwenye sufuria. Huko nje nilisikia watu wakipita wakinyamaza, halafu wakiongea tena walipokwisha kuupita mlango. Huwezi kumlilia mtu ambaye amewaua watoto wa watu. Hilo hakuna aliyenitamkia, lakini lilikaa chumbani pamoja nami. Na mimi nilimkasirikia marehemu. Nilikuwa nikikunja nguo zake na kumuuliza kwa sauti ya chini: ulikuwa unakimbilia wapi?

Kisha nikaanza eda. Mjane wa Kiislamu hutulia nyumbani miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, haonani na wanaume. Wengine huikaa eda kwao, mbali na kila kitu. Mimi niliikaa kwenye chumba kile, na katika mwezi wa pili nikasikia kelele za watu na minyororo nyuma ya ukuta, nikajua wameliburuta lori na kulileta gerejini. Mwenyewe Patron nilimsikia akisema, "Chasi ni nzima. Kichwa kitanyooshwa." Wakaanza kulinyoosha. Kila nyundo ilipopiga bati lile nilihisi kikombe kinatikisika mezani. Niliwaza damu kama waliiosha au waliipaka rangi juu yake.

Siku waliyoiwasha ile injini nilikuwa nimekaa kitandani nikisuka ukili. Iliwaka, ikakohoa, ikatulia katika mlio ule ule, na kabla akili yangu haijafika nilikuwa nimesimama, nimeshika sufuria, naitafuta ndoo nimwekee Amisi maji ya kuoga. Kisha honi ikalia mara mbili fupi, kama alivyokuwa akipiga akiingia mjini. Mtu alikuwa anaijaribu tu. Nilirudi nikakaa. Tangu siku hiyo ikawa hivyo: injini ikiwaka, mwili wangu unainuka. Nilijifunga kanga kiunoni kwa nguvu, nikajiambia kwamba siinuki tena, na nikainuka. Nilianza kuogopa kwamba ipo siku nitafungua mlango na kumkuta.

Na kulikuwa na Mama Feza. Alikuwa mkulima wa upande wa Wamaza, Mkristo, mwanamke mrefu mwenye uso mwembamba. Siku za soko alikuja Kasongo na kukaa kwenye jiwe lililokuwa karibu na lango la gereji, akiutazama mlango wangu. Hakutukana. Nilimwona kupitia pembe ya pazia. Mara moja tu alisogea hadi kizingitini, akasema polepole, kama anayeulizia njia, "We mama, bwana yako alimupeleka mutoto wangu wapi?" Nilikuwa nyuma ya pazia, mkono mdomoni. Alingoja kidogo, halafu akarudi kwenye jiwe lake. Ningependa angepiga kelele.

Dereva mpya aliitwa Useni, kijana wa maneno mengi. Alilipeleka lori kwenye barabara ya kwenda mtoni kulijaribu, likiwa tupu, akarudi. Nilikuwa nimekaa na mgongo kwenye ukuta, kwa ajili ya ubaridi wa matofali. Nikamsikia akizima injini na kusema, "Fundi, hii kontere iko inadanganya." Kontere ndicho kile kioo cha mviringo mbele ya usukani kinachoonyesha mwendo.

"Inadanganya namna gani?" Shabani aliuliza.

"Kaka yangu alikuwa pembeni na pikipiki, mupya kabisa. Mimi niko kwenye makumi tatu, yeye yake inasema makumi ine na zaidi. Tumefanya tena. Vilevile."

Yaani thelathini kwa huyu, zaidi ya arobaini kwa yule. Nilisikia Shabani akiweka chombo cha chuma juu ya meza. Useni akamuuliza kama ameudhika, naye akamwambia aende akale. Kisha nikasikia kitu ambacho sikukielewa wakati ule: mtu anasukuma lori polepole, linasimama, linasukumwa tena. Nilichungulia palipomomonyoka kati ya matofali. Shabani alikuwa amepiga alama ya chaki kwenye gurudumu la nyuma na alama nyingine ardhini. Wenzake walilisukuma mpaka chaki ikarudi chini, naye akapima umbali kwa kamba. Kisha akalala chini ya lori na kuhesabu ile shafti ndefu, inayopeleka nguvu ya injini nyuma, inazunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja. Alirudia. Mara ya mwisho hakutoka chini ya lori. Miguu yake ilibaki pale nje, imetulia, viatu vikiangalia juu, hata mmoja wa mafundi akainama kumtazama.

Jioni ile Patron alikuja. Walisimama karibu na ukuta wangu, labda kwa sababu walidhani ndio upande usio na masikio.

"Sikilia," Shabani alisema. "Ile ponti niliyoweka haifanani na ya zamani. Magurudumu nayo ni makubwa. Mshale unaonyesha kidogo, lori linakwenda sana. Amisi alikuwa anatazama makumi tatu, kumbe iko zaidi ya makumi ine, na mizigo, kwenye mteremko."

"Umemwambia nani?"

"Bado."

"Usimwambie mutu. Waliokufa wamekufa. Ukisema, wale watu wa Wamaza watakuja kuchoma lori, na wewe ndani yake. Ni wewe ulifunga ile ponti. Mimi niliomba tu lori litembee."

"Ni kweli," Shabani alisema. "Ni mimi nilifunga."

Nilibaki pale ukutani hadi waliponyamaza. Sikulia. Nilikuwa nawaza vile viganja juu ya paa. Abiria walikuwa wakigonga kumwomba apunguze, na yeye kwa miezi yote alikuwa amewazoea wakigonga kumwomba aongeze. Alisikia. Bila shaka alisikia. Alitazama mshale, mshale ukamwambia thelathini, akawaacha wagonge.

Shabani alikuja kesho yake mchana. Alisimama nje ya pazia, nami ndani, kama eda inavyotaka, na nikaona tu vidole vyake vya miguu kwenye kandambili. Alisema, "Shemeji, nina neno." Nikamwambia nimekwisha kulisikia, ukuta ni mbovu. Nilidhani ataondoka. Badala yake alilisema lote tangu mwanzo, kana kwamba sijui, na sasa naona alifanya vizuri, maana kusikia kupitia ukuta na kuambiwa si kitu kimoja. Nilimuuliza jambo lililokuwa likinitesa: dereva si anausikia mwendo mwilini? Amisi aliendesha tangu ujana, je, hakuhisi?

"Dereva anasikiliza injini," alisema. "Ile ponti ya zamani ilikuwa inazungusha injini kwa nguvu, ndiyo maana ilikuwa inalia. Hii nyingine inaiacha injini inazunguka polepole hata lori likikimbia. Kwa hiyo masikio yalidanganywa, macho yalidanganywa. Na tena, kwenye mteremko injini haishiki lori kama zamani. Alipoanza kuhisi kwa mwili, nafikiri alikuwa karibu na daraja. Niliona ile ponti ni ya gari la njia nzuri. Sikufikiri kontere. Nilifikiri matope."

Nilimwambia kuna mama anayekaa kwenye jiwe siku za soko. Akasema anamjua. Nikamwambia mimi nitamaliza eda yangu, na nikimaliza nitakwenda Wamaza kumwambia. Akasema, "Hutakwenda peke yako."

Siku zilizobaki alizitumia kuurekebisha ule mshale. Alinieleza kupitia pazia, akiniletea mkaa, kwa sababu sasa hakuweza kupita bila kusimama. Kwenye sanduku la gia kuna gia ndogo, saizi ya kidole gumba, inayozungusha waya unaokwenda hadi kwenye kontere. Yenye meno mengi huzungusha waya taratibu, yenye meno machache huzungusha haraka. Alihitaji yenye meno machache zaidi. Alitafuta Kasongo yote akakosa, akaenda mpaka Nyangwe kwa baiskeli, ambako mizoga ya malori ilikuwa imelala karibu na mto, akarudi na mbili zilizoliwa na kutu. Moja ilikubali. Nilimsikia akiisafisha kwa mafuta ya taa na brashi, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Useni akatoka tena na kaka yake mwenye pikipiki. Waliporudi alisema, "Sasa zinasema sawa." Hakuna aliyefurahi. Patron alikuwepo, akasema vizuri, sasa limekwisha. Shabani akamwambia kwamba atakwenda Wamaza na mjane wa Amisi. Nilimsikia Patron akivuta pumzi, halafu akasema, "Basi ukirudi, vyombo vyako utavikuta nje ya lango."

Eda yangu ilipomalizika nilioga, nikavaa, nikatoka nje na jua likaniumiza macho. Lori lilikuwa linakwenda Kabambare na chumvi. Nilipanda mbele, kati ya Useni na Shabani, karibu kabisa na kiti cha mume wangu. Harufu ilikuwa ya rangi mpya. Sikuitazama njia. Niliutazama mshale tu, kutwa, unavyopanda na kushuka, kama unavyomtazama mtu aliyekwisha kukudanganya mara moja. Tulipofika mteremkoni Useni aliingiza gia ndogo, injini ikaanza kulia, mshale ukakaa kwenye ishirini. Ilikuwa kasi ya mtu anayekimbia. Nikaona njia yote aliyoiona yeye: udongo mwekundu, nyasi ndefu pande mbili, daraja chini kama kijiti. Shabani alishika mlango kwa mikono miwili. Chini, kwenye kijito, majani yalikuwa yamekwisha kuota mahali lilipolala.

Mama Feza tulimkuta nyumbani kwake akianua muhogo. Aliponiona alisimama. Shemeji zake na vijana walisogea walipomtambua Shabani, maana kila mtu njiani alimjua fundi wa lile lori. Shabani hakukaa. Alisema amekuja kueleza kifo cha Feza, akakieleza kwa maneno mepesi, ponti, magurudumu, mshale, akasema nani aliyefunga na nani hakufikiri. Hakulitaja jina la Patron. Kijana mmoja alimkamata shati kifuani, kifungo kikaruka, na Shabani aliacha mikono yake ining'inie. Nilidhani nitaona mtu wa pili akifa kwa ajili ya lori lile.

"Mwache," Mama Feza alisema. Kijana hakumwacha, lakini hakupiga. Mama Feza akamkaribia Shabani. "Kama ungetengeneza ile kitu mbele ya ile siku, mutoto wangu angefika?"

"Sijui, mama," Shabani alisema. "Njia ni mbaya, daraja ni baya. Sijui. Lakini bwana wa huyu angejua mwendo wake, na mimi najua angepunguza."

"Alikuwa anatazama?"

"Alikuwa anatazama."

Kijana akaliachia shati. Shabani alirudi kwenye lori bila mtu kumgusa, akakaa mbele akiinamisha kichwa, na hakuishi tena Kasongo baada ya safari ile. Alishukia Kabambare, na malori hakuyashika tena maishani mwake. Patron alilitembeza lori lake miaka mingine kadhaa. Hakuna aliyelichoma. Usiku mwingine bado naota viganja vinagonga bati, na katika ndoto mimi ndiye ninayeendesha na sina cha kutazama.

Lakini siku ile, Useni alipopiga honi kuniita, Mama Feza alisema, "Aende. Wewe baki." Aliingia nyumbani, akatoka na mkeka chini ya kwapa, akautandika uani, katikati ya maganda ya muhogo. Akawatuma wanawake wa ua wakaite wenzao. Kisha akavua viatu, akakaa upande mmoja wa mkeka, akapapasa upande wa pili kwa kiganja.

"Kaa," aliniambia. "Wako hakuliliwa. Jina lake lilikuwa nani?"

Nikamwambia. Akalitamka, kwa sauti, na wanawake waliokuwa wakiingia wakalipokea.